Jani la sakulenti likianza kulegea: fanya hivi kabla hujakimbilia dawa

Jamani masika ndo imeingia, na wiki hii peke yake nimeshaulizwa na watu watatu swali lile lile, sakulenti yangu (ile mimea ya majani manene yanayotunza maji) ilikuwa imependeza dirishani, sa hivi majani yana madoa, mengine yamelegea kama yana maji ndani, nipulizie dawa gani? Jibu langu la kwanza ni hilo hilo kwa kila mtu: leo usipulizie kitu. Dawa ya ukungu ukiipiga kwenye mmea ambao mizizi yake imekaa kwenye tope haisaidii, unakuwa unaongeza maji juu ya maji, halafu kesho kutwa unarudi kusema dawa ni feki.

Mi naishi Dar, gorofa ya tatu, nina vyungu 40 na kitu kati ya sebule na kibaraza, na nimepoteza mimea mingi tu hadi nikaelewa kwamba jani ndo linaumwa mwisho, kinachoanza kuumwa ni chungu. Yani udongo, tundu la chini, hewa ya chumba na mkono wetu wa kumwagilia. Kwahiyo hapa tunaanza na kukausha, dawa iko huko mbele kabisa na mara nyingi hutaifikia.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Hizi sakulenti nyingi tunazonunua sio za ukanda wa pwani. Echeveria, zile zilizojipanga kama ua la waridi, kwao ni Mexico. Hawothia, gasteria na krasula kwao ni Afrika Kusini, sehemu kavu. Jani lake ni tangi, linatunza maji ya wiki kadhaa, na nyingi zinafungua vitundu vya kupumulia usiku badala ya mchana ili jua lisizinyonye maji. Sasa mmea wa namna hiyo uuweke Dar mwezi wa nne, hewa yenyewe imeloa, nguo zinakaa kwenye kamba siku mbili hazijakauka, chumba hakina upepo, alafu bado unaumwagilia kila jumamosi kwa sababu ndo ratiba. Hata alovera na sansevieria, ile wengi wanaiita sneki planti, ambazo zina ndugu zao kibao porini Tanzania na Kenya, huko porini zimekaa kwenye mawe na miteremko, mvua inanyesha maji yanapita, hayakai.

Haya tuanze.

Hatua ya 1: utoe kwa wenzake

Ukiona jani moja tu limebadilika, hicho chungu kihamishe siku hiyo hiyo. Kipeleke chumba kingine ikiwezekana, au angalau mita mbili mbali, sehemu yenye hewa na mwanga ila sio jua kali la saa sita. Usimwagilie. Nawa mikono kabla hujagusa chungu kingine, maana vidung'ata wachanga (wale wadudu weupe kama pamba) na mbegu za ukungu vinasafiri kwa vidole, kwa mkasi, na kwa kile kitambaa kimoja unachofutia vumbi mimea yote.

Hatua ya 2: bonyeza, nusa, geuza

Hapa ndo pa kutulia, usipaharakishe. Shika jani lenye shida ulibonyeze taratibu kwa vidole viwili, linuse, kisha ligeuze uangalie upande wa chini na pale lilipoungana na shina. Hayo matatu yanakupa jibu mara nyingi kuliko picha za mtandaoni.

Jani limelegea, linaonyesha ndani kama limechemshwa, rangi imekuwa ya njano hafifu na ukiligusa tu linadondoka: hayo ni maji mengi. Bado sio ugonjwa, ila ni mlango wa ugonjwa. Ukiwahi hapa ukakausha udongo, unaweza ukapoteza majani manne matano tu na mmea ukabaki.

Jani limekuwa jeusi au kahawia, ni rojorojo, na linanuka kama kiazi kilichooza ndani ya gunia: hapo ni bakteria wa kuozesha. Hawa wanakimbia balaa, asubuhi jani moja jioni shina. Hakuna dawa ya kulirudisha jani hilo, ni kisu tu, na ni leo.

Weusi unaoanzia chini kwenye shina na kupanda juu huku majani yanadondoka yakiwa bado yana umbo lake, hakuna harufu kali: mara nyingi ni ukungu wa kwenye udongo umeingia kwa mizizi. Nenda hatua ya 3 haraka.

Doa la mviringo limezama katikati, kahawia au jeusi, linaongezeka ukubwa kila siku chache na wakati mwingine lina vinukta vya rangi ya chungwa: hiyo ni chule, ugonjwa wa ukungu, jina lile lile mkulima wa maembe analijua. Kwenye sansevieria angalia sana madoa mekundu ya kahawia yenye duara la njano pembeni, hayo yanapenda kutokea pale maji yalipomwagwa katikati ya majani yakatuama.

Vinukta vya rangi ya chungwa kwenye alovera ambavyo baadae vinakuwa vyeusi na vigumu ni kutu, nao ni ugonjwa wa ukungu. Inatisha kwa macho ila haiui mmea kirahisi, kata majani yaliyozidi, kausha hewa, doa la zamani halifutiki ila majani mapya yatatoka safi. Alovera yenye vinyama vimeota ovyo kama uvimbe kwenye jani au kwenye ua ni habari nyingine kabisa, hao ni utitiri wadogo mno huwezi kuwaona kwa macho, na hapo mi sibembelezi, sehemu yote yenye uvimbe inakatwa, inafungwa kwenye gazeti, inaenda jalalani. Ikiwa imesambaa mmea mzima unaenda.

Pamba pamba nyeupe kwenye makwapa ya majani ni vidung'ata. Jani likiwa linanata na juu yake kuna masizi meusi yanayofutika kwa kidole, masizi hayo ni ukungu unaokula ule utamu wanaoutoa vidung'ata na wadudu gamba, kwahiyo usihangaike na masizi, tafuta mdudu. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye chungu, wafuate wanakoelekea, watakupeleka mpaka mlangoni kwa mdudu mwenyewe.

Sasa kuna vitu vinafanana na ugonjwa na sio ugonjwa, na hivi ndo vinaua mimea kwa sababu watu wanavitibu. Majani ya chini kabisa kukauka kama karatasi ni uzee tu, yavute yatoke. Doa kavu, gumu, la rangi ya krimu au kahawia lililo upande unaotazama dirisha na haliongezeki ni jua, mmea ulihamishwa gafla kutoka kivulini. Vipele vigumu vya kahawia kama kidonda kilichokauka, mara nyingi upande wa chini wa jani, vinatokea mizizi ikinyonya maji kwa kasi kuliko jani linavyoweza kuyatoa, punguza maji, basi. Ncha za majani kuungua pole pole zikiwa kavu, angalia maji yako, huku Dar wengi tunatumia maji ya kisima yana chumvi na chumvi inajikusanya kwenye udongo, utaiona hata ukingoni mwa chungu kama ukoko mweupe.

Na kuna huu unga mweupe, huu lazima niueleze vizuri. Mwaka jana dada mmoja jirani yangu aliniletea echeveria yake akiwa na huzuni kabisa, kila jani lilikuwa na unga, akakaa nusu saa anafuta jani moja moja kwa kitambaa chenye maji akijua anaitibu. Ile haikuwa ugonjwa. Echeveria nyingi zina nta ya asili juu ya jani, imekaa kama poda aliyopakwa mtoto akitoka kuoga, inaukinga mmea na jua na inateleza maji yasikae. Ukiifuta pale ulipofuta haiotei tena, jani linabaki na alama za vidole mpaka litakapodondoka, na baada ya wiki mbili majani yake matatu yaliungua dirishani.

Kwahiyo fanya hivi, chukua tishu kavu, chagua jani la chini kabisa ambalo halikuumi roho, futa sehemu ndogo kama ukucha wa kidole kidogo. Kama ni nta, imetandazwa sawasawa jani zima na majani yote, chini yake utakuta ngozi safi ya kijani au ya samawati. Kama ni ubwiri unga, yani ukungu mweupe unaoota juu ya jani, upo kwa mabaka, baka hapa baka pale, ukikuza kwa kamera ya simu unaona kama vinyuzi nyuzi kwenye kingo zake, ukifuta chini yake unakuta jani limebadilika rangi au limekwaruzika, na baada ya siku kadhaa baka linarudi pale pale. Ubwiri unapenda sana krasula na kalankoe, kwenye echeveria usiufikirie kwanza.

Hatua ya 3: utoe kwenye chungu

Kama shida ni kulainika, weusi wa shina au kuoza, usibaki kuangalia juu, toa mmea mzima kwenye chungu. Udongo ukiwa umeloa unatoka kama keki nzima, ubomoe taratibu kwa vidole. Mzizi mzima ni mweupe au wa kahawia hafifu na una nguvu, ukiuvuta unakataa. Mzizi uliooza ni mweusi, ukiuvuta ganda linatoka mkononi unabaki uzi mwembamba katikati. Ukiona kama unga mweupe umeshikana kwenye mizizi na ndani ya kuta za chungu, hao ni vidung'ata wa mizizini, osha mizizi yote kwa maji, udongo ule tupa.

Hatua ya 4: kata mpaka uone usafi

Kisu chembamba chenye makali au wembe mpya. Futa kwa spiriti ya asilimia 70, na futa tena kila baada ya mkato mmoja, sio mwisho wa kazi, kila mkato. Hili watu wanalipuuza, matokeo yake wanachukua uozo kutoka chini wanaupaka wenyewe kwa juu.

Nikupe mfano. Mwezi wa tano nilikuta echeveria yangu kubwa, ina upana wa sahani ya chai, majani matatu ya chini yamelala. Nikaitoa, mizizi yote imekwisha, shina jeusi. Nikaishika juu chini kama uyoga, nikakata kipande chembamba cha shina kama tango la kachumbari, nikakiinua kwenye taa: duara la kahawia katikati na weusi pembeni. Nikafuta kisu, nikakata kingine, duara limepungua. Cha tatu, bado kuna nukta. Cha nne nukta ndogo kama ncha ya kalamu, na hapa ndo mtu anajisemea ah inatosha, hapana, hiyo nukta ndo uozo wenyewe ulivyo na ndani ya siku nne umepanda mpaka moyoni. Kipande cha tano kilitoka safi, kijani cha maji pote, na majimaji yake hayana harufu. Hapo ndo nikaacha. Shina likabaki kama sentimita moja tu na majani mengi nikayatoa ili nipate hiyo sentimita, ila mmea upo mpaka leo.

Doa la chule au la kutu lililopo kwenye jani moja moja halihitaji yote haya, toa jani zima kwa kulivuta pembeni taratibu mpaka linang'oka pale kwenye shina, au kwenye sansevieria kata chini ya doa kama sentimita mbili kwenye sehemu nzima.

Majani mazima uliyoyatoa usitupe. Ya echeveria, krasula, kalankoe na gasteria yanaota, yalaze tu juu ya udongo mkavu. Sansevieria hata kipande cha jani kinaota, ila ile yenye ukingo wa njano ukiotesha kwa kipande cha jani mtoto anatoka wa kijani tupu. Jani la alovera usijisumbue, litaoza tu, alovera inaoteshwa kwa machipukizi ya pembeni.

Tahadhari, ukikata euforbia yoyote inatoa maziwa meupe kama ya mnyaa wa kwenye ua wa nyumba, yakiingia jichoni ni hospitali. Vaa glavu, usijishike usoni.

Hatua ya 5: acha likauke, na hapa uvumilie

Kipande ulichokata kisiguse udongo wala maji. Kiweke juu ya gazeti au ndani ya kikombe kikavu mdomo ukikishikilia, kivulini, na feni iwe inapita pole pole. Kiangazi siku 3 mpaka 5 kidonda kinakuwa na ngozi ngumu. Masika mi naacha siku 7 mpaka 10 na sijawahi kujutia. Mmea hautakufa, una tangi lake, kumbuka.

Unga wa mdalasini wa jikoni unaweza kuupaka kwenye kidonda, unasaidia kukausha na kuzuia ukungu, au mkaa uliosagwa laini. Ila mdalasini usimwage kwenye mizizi mizima, unaikausha nayo.

Hatua ya 6: dawa, kama bado inahitajika

Vidung'ata na wadudu gamba: pamba za masikio, zichovye kwenye spiriti ya asilimia 70, mguse mdudu mmoja mmoja mpaka abadilike rangi kuwa kahawia. Wakiwa wengi, sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai kwenye lita 1 ya maji, pulizia mpaka makwapani, baada ya nusu saa suuza, inamisha chungu maji yamwagike yote. Rudia kila baada ya siku 7 mara 3 au 4, maana mayai hayafi, unasubiri watoto watoke uwawahi. Wengi wanapiga mara moja wanaona wamekwisha, mwezi ujao wanashangaa wametoka wapi.

Mafuta ya mwarobaini nayo ni mazuri, mililita 5 kwenye lita 1 na matone ya sabuni ili mafuta yachanganyike na maji, pulizia jioni tu, mchana mafuta na jua vinachoma jani. Ila echeveria yenye ile poda usiipulizie mafuta wala sabuni kabisa, utaitoa nta yake, hiyo ni ya pamba na spiriti kwa uangalifu pale mdudu alipo.

Ubwiri unga: toa majani yaliyoathirika zaidi, sogeza kwenye hewa na mwanga, na ukibaki tumia salfa. Salfa hii ndo ile ile wakulima wa korosho Mtwara na Lindi wanayopulizia mikorosho kwa ubwiri unga, ipo maduka ya pembejeo. Sisi tunahitaji kiasi kidogo sana, weka kijiko kwenye soksi nyembamba, gonga gonga juu ya mmea ipate vumbi jembamba tu. Fanya kibarazani, vaa barakoa, jioni joto likiwa limeshuka maana salfa kwenye joto la juu ya nyuzi 32 inaunguza majani. Na usichanganye na mafuta ya mwarobaini, ukishatumia kimojawapo subiri wiki mbili ndo utumie kingine.

Chule na madoa yanayosambaa hata baada ya kukata na kukausha: dawa za shaba, kwenye lebo utasoma kopa oksikloraidi au kopa haidroksaidi. Zinakinga majani mazima, haziponyi jani ambalo tayari lina doa, hilo lieleweke. Fuata kipimo cha lebo usiongeze hata kidogo kwa huruma, jaribu jani moja kwanza usubiri siku mbili, na toa mmea nje ya nyumba wakati wa kupulizia. Chumba cha kulala cha mtoto sio sehemu ya kupigia dawa za shamba.

Uozo wa bakteria, ule wa harufu, narudia, hauna dawa ya kupuliza. Kisu.

Na kama una alovera ambayo mama au mdogo wako anaikata kupaka nywele au usoni, hiyo usiipulizie dawa yoyote ya dukani, itenganishe kabisa na uwaambie watu wa nyumbani ni ipi.

Hatua ya 7: chungu na udongo mpya

Udongo wa zamani wa mmea uliooza usiutumie tena, wala usiuchanganye kwenye chungu kingine hata kama unauona mzuri mweusi. Chungu kioshe kwa sabuni, kisha kiloweke kwenye maji ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa maji 9, nusu saa, suuza sana, anika juani.

Mchanganyiko ninaotumia ni udongo wa kawaida sehemu 1, mchanga wa mto wenye chenga kubwa sehemu 1, na kokoto ndogo kabisa au mawe ya pumisi sehemu 1, na vipande vidogo vya mkaa kiganja kimoja. Hawothia wanakubali sehemu ya udongo izidi kidogo. Mchanga wa baharini usitumie, chumvi. Samadi mbichi usiweke, inachemka na inaleta ukungu. Kupima ni rahisi, mwagia maji mchanganyiko wako kwenye chungu, yakisimama juu zaidi ya sekunde chache ongeza kokoto.

Tundu la chini ni lazima. Vile vyungu vizuri vya kauri visivyo na tundu watu wanapewa zawadi, toboa kwa drili, au weka mmea kwenye chungu cha plastiki chenye tundu kikae ndani yake, ukimwagilia unakitoa. Na hii ya kuweka tabaka la mawe chini ya chungu eti maji yachuje, haifanyi kazi tunayodhani, maji yanasimama kwenye udongo juu ya yale mawe na unayasogeza karibu na mizizi. Changanya mawe kwenye udongo wote. Chungu cha udongo wa kufinyanga kinapumua kuliko plastiki, kwa pwani mi ndo nakipendekeza.

Kipande kilichokauka kiweke juu ya udongo mkavu, usimwagilie. Kila siku 4 au 5 kiinue uchungulie. Mizizi ikifika kama sentimita moja au mbili ndo unaanza na maji kidogo pembeni.

Kuzuia isirudi

Maji kwanza. Achana na ratiba ya siku. Chukua kijiti cha mishikaki, kiingize mpaka chini ya chungu, subiri dakika 10, kitoe. Kikitoka na udongo umeganda au kimebadilika rangi kuwa cheusi, bado. Kikitoka kikavu kabisa, subiri siku mbili tatu nyingine alafu mwagilia mpaka maji yatoke chini, na maji ya kwenye kisahani yamwage. Kwangu mimi mwezi wa kwanza na wa pili, joto kali, inakuja kama kila siku 10. Masika zingine zinakaa wiki 3 hadi 4 sijazigusa. Nairobi ule mwezi wa saba wa baridi na mawingu nao ni hivyo hivyo, mmea umelala, ukiunywesha unauozesha. Mwagilia asubuhi, kwenye udongo sio juu ya majani, na tone likitua katikati ya echeveria lipulize kwa mdomo au linyonye kwa tishu, lisilale pale usiku.

Hewa ni ya pili, na kwa ndani ya nyumba naweza kusema ni sawa na maji. Usibananishe vyungu mpaka majani yagusane. Dirisha lifunguke. Siku za mvua mfululizo mi nawasha feni kwa mbali masaa machache mchana, tofauti niliiona ndani ya masika moja tu, madoa yalipungua sana kwenye rafu ile ile. Mimea isikae kwenye rafu ya juu ya sinki wala bafuni, hata kama kwenye picha inapendeza.

Mwanga, dirisha la mashariki ni zuri kuliko yote, jua la asubuhi halichomi. Mmea ukikosa mwanga unarefuka shingo, majani yanakuwa membamba na laini, na jani laini ndo linaoza kwanza. Ukiuhamishia kwenye jua fanya taratibu kwa wiki mbili, saa moja kwa siku, masaa mawili, hivyo hivyo.

Mbolea kidogo sana, nusu ya kipimo cha kwenye pakiti na mara moja au mbili kwa msimu wa kukua. Mbolea nyingi ya naitrojeni inalainisha majani, wadudu wanashangilia.

Na mmea mpya, tafadhali. Vidung'ata walioingia kwangu walikuja na kalankoe moja niliyonunua kwa muuza maua wa barabarani, ilikuwa na maua mekundu mazuri sikugeuza hata jani moja, nikaiweka katikati ya wenzake. Miezi miwili baadae nilikuwa nafuta vyungu 17 kwa pamba za masikio. Sasa hivi kabla sijalipa nageuza majani, nanusa udongo, nainua chungu nione kama kimelowa kupita kiasi, na nikifika nyumbani unakaa peke yake wiki 3, udongo wa muuzaji nautoa ndani ya wiki ya kwanza maana mara nyingi ni wa mfinyanzi unaoshika maji.

Kilichopona nacho kina karantini yake, wiki 3 bila doa jipya ndo kinarudi kwa wenzake. Kikirudi kiweke mwisho wa rafu kwa upande unaopita kila asubuhi, macho yako yakute majani ya chini kabla ya yale ya juu.